Hukumu Juu ya Mlango



Tumezoea kuuhesabu mlango wa kanisa kuwa njia tu ya kufikia benchi. Liturujia haiutazami hivyo. Mtoto anayeletwa kubatizwa hupokelewa mlangoni. Marehemu naye hupokelewa pale pale, jeneza likanyunyiziwa maji ya baraka. Na Bwana mwenyewe, katika sura ya kumi ya Injili ya Yohane, alijiita mlango wa kondoo. Ndiyo maana wajenzi wa kale waliweka juu ya mlango yale waliyotaka mtu ayatafakari kabla hajavuka kizingiti.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Autun, mji mdogo wa Bourgogne nchini Ufaransa, katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Lazaro. Juu ya mlango wake wa magharibi kuna nusu duara ya mawe, iliyochongwa yapata mwaka 1130, ionyeshayo Hukumu ya Mwisho. Kristo ameketi katikati, mkubwa kupita wote, mikono ameifungua pande zote mbili. Kwenye ukingo wa tao zimechongwa kazi za miezi ya mwaka, hata mkulima aliyeinua macho aliiona kazi yake pamoja na Bwana wake. Chini ya Kristo wafu wanafufuka. Wawili kati yao ni mahujaji wenye mifuko yao: mmoja una msalaba, ukumbusho wa Yerusalemu, na mwingine una kombe la baharini, alama ya Santiago de Compostela. Upande wa waliolaaniwa, mikono miwili mikubwa imekibana kichwa cha mtu, wala mwenye mikono hiyo haonekani.

Miguuni pa Kristo pamechongwa kwa Kilatini kwamba Gislebertus ndiye aliyeifanya kazi hiyo. Wengi humwona kuwa mchongaji. Wako wataalamu wanaodhani kuwa jina hilo ni la mfadhili. Mimi nabaki na mchongaji.

Mwaka 1766 makanoni wa kanisa hilo, wakifuata ladha ya zama zao, waliona sanamu hizo hazifai kutazamwa. Wakazifunika kwa lipu, na kwa kuwa kichwa cha Kristo kilichomoza mno, wakakikata. Miaka 23 baadaye Mapinduzi ya Ufaransa yakaanza, na sanamu za makanisa mengi zikavunjwa. Zile za Autun zikasalimika, kwa maana hapakuonekana cha kuvunja. Lipu ilibanduliwa mwaka 1837. Kristo akakaa bila kichwa hadi mwaka 1948, kilipotambuliwa katika jumba la makumbusho la mji huo huo na kurudishwa mahali pake.

Nayaeleza haya kwa sababu baadhi yenu mmeleta ombi kwamba mchoro wa Hukumu ulio juu ya mlango wetu ufutwe kwa rangi nyeupe, kwani unawaogofya watoto. Silidharau ombi hilo. Mama mmoja alinieleza kwamba mwanawe hukubali kuingia kwa mlango wa sakristia tu. Tena mchoro wetu, kusema kweli, si kazi ya bingwa: shetani wake ni mkubwa kuliko malaika. Lakini sidhani kwamba mtoto huyo atatulizwa kwa kufichiwa mizani.

Pale Autun Malaika Mkuu Mikaeli anapima roho, na shetani anauvuta upande wake kwa nguvu zote. Chini ya mizani hiyo hiyo, roho ndogo, wadogo kama watoto wa mafundisho, wamejificha katika mikunjo ya kanzu ya malaika na kuishikilia. Mchongaji aliijua hofu yao, akaipa pa kukimbilia katika jiwe lile lile.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa kamati ya ujenzi ni hili: rangi nyeupe isinunuliwe. Aitwe mchoraji, awaongeze watoto wawili au watatu kwenye kanzu ya Mikaeli. Kuhusu ukubwa wa shetani, tutazungumza.