Kengele za Mei Bustanini

Nalipokuwa mgeni huko Bielefeld, Ujerumani, nchi ambayo wazee wetu waliiita Udachi, harufu tamu iliingia dirishani kila asubuhi. Ilikuwa mwezi wa Mei. Mama mwenyeji akanipeleka nyuma ya nyumba, chini ya miti, mahali pasipopata jua. Pale palijaa majani mapana, na katikati yake vijiti vyenye maua meupe madogo, yameinama kama kengele. Wenyeji huyaita Maiglöckchen, yaani kengele ndogo za Mei. Akanichumia machache, akayatia katika bilauri karibu na kitanda changu.

Mimea yetu mingi hutaka jua. Huu hupenda kivuli na udongo wenye unyevu na majani yaliyooza. Mama yake alipanda vipande vichache vya mizizi, na kwa kuwa mizizi hutambaa chini, sasa umefika hata njiani. Pwani yetu haungechanua, maana mzizi hutaka kwanza miezi ya baridi kali.

Jumamosi moja mjukuu wake alitumwa msituni kuchuma majani ya kitunguu saumu cha mwituni, ambayo watu wa huko hutia katika supu. Kikapu hakikujaa, basi akakijaza nyuma ya nyumba. Bibi akakimimina mezani, akashika jani moja, akanyamaza. Majani hayo yafanana sana. La kitunguu hunuka ukilisugua, lakini harufu ikiisha kushika vidole, kila jani hunuka vivyo hivyo! Penye shina mtu hutambua: la kitunguu hutoka ardhini peke yake kwa kikonyo chake, na ya kengele hushikana mawili mawili. Yaliyokwisha kuchumwa hayaonyeshi hayo waziwazi. Akatupa yote. Mtoto akalia kwa ajili ya supu yake.

Nikaambiwa kwamba mmea mzima una sumu: jani, ua, mzizi, tunda lake jekundu, hata maji ya chombo cha maua. Sumu hiyo hushika moyo, ukapiga polepole na bila mpango, wala kupika hakuiondoi.

Nikauliza, mbona asiung'oe? Akajibu kwamba ni mkono wa mama yake, na mtoto atafundishwa. Jioni nikawaona wawili wameinama kivulini, bibi akimwonyesha shina.

Nalipoingia chumbani, bilauri ya maua ilikuwa imeondolewa. Mahali pake paliwekwa maji ya kunywa.