Darasa Kando ya Cherehani

Jumatatu, 8 Januari 2024. Kisauni
Shule zimefunguliwa leo na wangu wawili hawakwenda. Sare zimetundikwa nyuma ya mlango, zimepigwa pasi. Mavyaa ndiye aliyezipiga pasi, jana usiku, bila kusema neno. Hivyo ndivyo anavyosema.

Naandika sababu za kuwasomesha nyumbani nisije nikazisahau au nikazipamba. Darasa la mdogo mwaka jana lilikuwa na watoto 84 na mwalimu mmoja, nao wakibanana wanne wanne kwenye dawati. Simlaumu mwalimu. Mimi wawili tu hunishinda ifikapo magharibi. Mwezi wa Novemba nilifungua daftari la mdogo, kila ukurasa una tiki nyekundu, sentensi zimenakiliwa safi kutoka ubaoni. Nikamwambia anisomee. Akasoma vizuri, kichwa kimeinuka. Nikaziba neno la kwanza kwa kidole, nikamwonyesha la tatu peke yake. Kimya. Alikuwa amekariri sauti, na hizo herufi alizichora tu, kama mtu anavyotia maua kwenye kofia. Gredi ya 1 nzima imepita hivyo, na tiki juu.

Mkubwa hakuwa na tatizo lolote. Yuko Gredi ya 4, anapenda shule, anapenda hata foleni ya mfereji. Nimemtoa kwa sababu sikutaka kuwa na ratiba mbili ndani ya nyumba moja. Hili sijamwambia mtu.

Jumatano, 17 Januari
Ratiba niliyoibandika ukutani, yenye vipindi na mapumziko na kengele (kifuniko cha sufuria), iliishi siku sita. Wateja wa madera hawana habari na kipindi cha Hisabati.

Ila futi ya kupimia imefanya kazi kuliko kitabu. Mdogo anaitandaza sakafuni, namwambia, "Nitafutie 37," anatambaa hadi 37. "Rudi nyuma 9." Anarudi akihesabu kwa magoti. Leo ameligundua mwenyewe jambo: upande mmoja inchi, upande wa pili sentimita, na inchi 10 zinaangukia sentimita 25 na kidogo. Akaniuliza hicho kidogo ni kiasi gani. Nikamwambia asubiri, nami nikaenda jikoni kufikiria.

Kusoma pia kumeanza kusogea. Kiswahili kina huruma, ukishazishika silabi hakikufichi kitu. Jana amesoma "Leo pesa kesho mkopo" dukani na akataka kujua kesho yenyewe itakuwa siku gani. Kiingereza ndicho kinachomtesa. Anaziona herufi zisizotamkwa, anauliza zimewekwa za nini, na mimi sina jibu.

Jumanne, 13 Februari
Mzee wa mtaa amekuja. Nilikuwa nimemtarajia tangu wiki ya pili. Amekaa barazani, akanywa chai yake yote kabla ya kusema.

"Mwanangu, nasikia watoto wamekaa nyumbani."

"Wanasoma, mzee wangu. Wanasomea hapa."

"Chifu ana orodha. Serikali yataka kila mtoto awe shuleni, wewe wajua. Na sheria ina meno."

Najua. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mzazi asiyempeleka mtoto shule faini ya hadi shilingi 100,000, au kifungo cha hadi mwaka 1. Niliisoma kwenye simu mara tatu mwezi wa Desemba, nikitafuta mlango. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Nikawa najiambia kimetaja elimu, hakikutaja ukuta na paa la mabati. Lakini mimi si wakili, ni fundi cherehani. Nikamletea madaftari. Mzee akayafungua moja moja, akamwita mdogo, akamtolea risiti ya tokeni za stima mfukoni amsomee. Mdogo akasoma tarakimu zote 20.

Mzee akakunja risiti. "Mimi nimekuja, nimeona," akasema. "Akija mwingine, usimwambie nilikuja nikanyamaza."

Usiku baba watoto kapiga simu kutoka Malaba, lori liko kwenye foleni. Nimemsimulia. Amecheka, kisha akauliza hizo laki moja tunazo.

Jumatatu, 26 Februari
Bamvua. Tumeshuka ufukweni Nyali asubuhi ili tuyakute maji yametoka. Mkubwa alichomeka kijiti kwenye ukingo wa maji, akakaa na saa yangu, na kila dakika kumi akachomeka kingine. Vijiti vya mwanzo viliachana hatua tatu, zikawa mbili mbili, halafu moja, kisha kikapatikana kimoja ambacho maji hayakukiacha wala kukifikia. Hapo akainuka, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, yamesimama." Ilikuwa saa nne na nusu kasoro.

Mvuvi mmoja mzee, aliyekuwa akitafuta pweza kwenye mawe, alimuuliza, "Leo mwezi ngapi, mjukuu?" Mkubwa akajibu haraka, tarehe 26. Mzee akacheka mpaka akaweka ndoo chini. Alitaka mwezi wa Shaabani. Akamweleza: mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, bamvua, ukiwa nusu, maji mafu, na kila siku maji yanachelewa, leo hivi, kesho karibu saa nzima mbele. Kitabu kinasema dakika 50. Mzee hana saa, na hakukosea sana.

Siku kama hii moja hunitosha kwa wiki mbili mbovu. Nasema hivyo kwa kuwa nimekuwa na wiki mbili mbovu.

Jumanne, 26 Machi
Ramadhani nusu. Madera 41 ya Idi, cherehani mbili, mimi mmoja. Darasa limekufa. Mdogo anasoma peke yake chini ya meza ya kukatia. Mkubwa anakata nyuzi na kutia vifungo, na sitauita huo Sanaa na Ubunifu.

Jumatatu, 29 Aprili
Mvua haijakatika. Leo ndiyo muhula wa pili ungeanza, na Wizara imetangaza alfajiri kuwa shule zisifunguliwe mpaka tarehe 6 Mei kwa sababu ya mafuriko. Watoto wa mtaa mzima wako nyumbani. Mama wa jirani kaniletea wake wawili: "Shoga, wewe si una shule?" Mpaka adhuhuri walikuwa saba sebuleni.

Nilimtazama mkubwa. Alikuwa amesimama mbele ya wenzake, mwiko mkononi, akiwafundisha maji kupwa na kujaa, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sijakiona tangu Desemba.

Jumapili, 5 Mei
Ufunguzi umeahirishwa tena, safari hii bila tarehe. Nimepata nafasi ya kukaa na mkubwa.

Mtihani wa Gredi ya 6 hubeba alama 40 tu kwa mia. Sitini hutoka kwenye tathmini za shuleni, 20 Gredi ya 4, 20 ya 5, 20 ya 6. Kwa hiyo huu mwaka niliouona wa majaribio, kwake yeye unahesabiwa. Na hizo tathmini hazifanywi mezani kwangu. Nilimweleza hivyo, kwa hesabu, nikidhani hesabu ndiyo itakayoamua.

"Mama, mimi nataka kurudi tu," akasema. "Hata kama hazihesabiwi."

Mavyaa, aliyekuwa akichambua mchele, hakuinua kichwa. Baadaye nikakuta sare moja imepigwa pasi.

Alhamisi, 16 Mei
Mkubwa amerudi shule Jumatatu, siku zilipofunguliwa. Mdogo amebaki, angalau hadi asome bila kidole.

Leo jioni, nikikoroga mchuzi wa nazi, mkubwa ameingia na maneno yake. Mwalimu wetu leo kafanya hivi, mwalimu wetu kampandisha fulani mbele, mwalimu wetu ana viatu vipya vinalia. Mdogo kaketi mkekani anamsikiliza, mdomo wazi. Mimi nimesimama kwenye jiko hatua mbili kutoka kwao.

"Wangu naye," mdogo akaanza. Akanitupia jicho, akanigeuzia mgongo, akashusha sauti. "Wangu naye leo kanikaripia bure. Kitabu nimeshika sawasawa, yeye kashindwa kutia uzi kwenye sindano, hasira kanimalizia mimi."

"Sasa ukafanya nini?" dada yake akauliza.

"Ningefanya nini? Nikangoja aende kupika."

Nimeendelea kukoroga, nikawapa mgongo.