Mawe Tuliyoyaona kwa Dirisha

Mwaka mahindi yalipokubali, baba alinunua daftari jipya la kupangia safari ya Desemba. Wazungu hupanga safari zao ndefu Julai. Sisi wa Moi's Bridge Julai tuko kwenye mvua na tope, na gari likikwama hutolewa na trekta la jirani. Safari ilingoja mavuno yatoke shambani, malori yapange foleni kwenye maghala ya nafaka, na hela ishikike mkononi. Hapo daftari lilifunguliwa.

Baba alipiga mistari kwa rula, safu tatu: mji, jamaa tutakayelala kwake, na kitu cha kumpelekea. Webuye, shangazi, jogoo. Kakamega, mjomba wa mama, debe la mahindi. Kisumu, mkwe wetu, maharagwe. Hakuna kituo kilichoingia humo bila mtu. Kulala hotelini katika mji ulio na jamaa yako lilikuwa tusi, na ungekumbushwa kwenye kila matanga kwa mwaka mzima.

Mawe tuliyaona kwa dirisha tu. Chetambe, kilima ambako Wabukusu walijihami na kupigana na jeshi la Waingereza mwaka 1895, tulikipita tukiwa tumeziba pua kwa sababu ya harufu ya kiwanda cha karatasi cha Webuye. Baada ya Kakamega, pale Ilesi, palikuwa na lile jiwe linalolia: nguzo ya mwamba ya kama mita 40, imebeba jiwe jingine kichwani, na michirizi ya maji ikishuka ubavuni. Baba alipunguza mwendo, akasema, "Tazameni," kisha akakanyaga mafuta. Kwake jiwe lilikuwa alama ya kujua tumebakisha mwendo gani kufika Kisumu.

Aliyegeuza mambo ni mpwa wangu. Alikwenda kufanya kazi Nairobi, akajifunza kupanda kwenye ukuta wa mazoezi, kisha akaanza kuandamana na wenzake hadi Lukenya, vilima vya mawe vilivyo upande wa barabara ya Mombasa ukishapita Athi River. Wapandaji wa Nairobi, wakiwemo wale wa Mountain Club of Kenya, wamejifunzia huko tangu enzi za mkoloni. Krismasi moja akashuka kwenye matatu na begi la kamba, mikanda ya kiunoni na karabina, zile pete za chuma za kuunganishia kamba, zinazolialia. Nyanyake akadhani ni vifaa vya kufungia ng'ombe, akauliza kwa nini vimekuwa vya rangi rangi.

"Mjomba," akaniambia, "mwaka huu tupange safari kwa mawe."

"Na shangazi yangu wa Webuye?"

"Huyo nyanya tutamsalimia tukipita."

Nilinyamaza, ila sikulipenda. Usiku huo tulikaa mezani, yeye na simu yake, mimi na daftari. Nilipendekeza Mlima Elgon, kwa kuwa tunauona kila asubuhi isiyo na mawingu. Akakataa: mapango kama Kitum yamo ndani ya majivu ya volkano yaliyogandamana, na mwamba wa namna hiyo humeguka mkononi. Isitoshe, ndani kuna popo, na Kitum imehusishwa na virusi vya Marburg tangu miaka ya 1980. Elgon ukafutwa.

Hell's Gate, ile hifadhi ya pale Naivasha, ndipo nilipoanza kumwelewa. Aliniuliza kitu ambacho ramani haiwezi kujibu: saa ngapi jua linapiga uso upi wa mwamba? Ukuta unaotazama mashariki hupandwa alasiri, ukishapata kivuli. Mchana wa Desemba jiwe huunguza vidole na jasho hukufanya uteleze. Kisha akapiga hesabu ya kamba. Fischer's Tower, ile nguzo iliyopewa jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyefika huko 1883, ina urefu wa mita 25. Kamba ikipitishwa juu na kurudi chini inataka mita 50, na yake ni ya 60. Mita zinazobaki ni za mafundo na za kumpa anayeishika nafasi ya kusimama. Aliandika hayo yote katika safu ya tatu, pale baba alipokuwa akiandika jogoo. Kuhusu kile kibonde chembamba cha hifadhini, hakutaka mjadala: mvua ikinyesha mbali, maji hushuka humo ghafla, na Septemba 2019 yaliua watu kadhaa. Kukiwa na wingu upande wa juu, hatuingii.

Katika kupanga tukafika Ilesi na Kit Mikayi, yale mawe makubwa ya upande wa Kisumu, na simu ikaishiwa na majibu. Ilikuwa na picha na umbali. Haikuwa na mtu wa kuuliza. Kit Mikayi ni mahali pa maombi. Waumini hufunga na kusali kwenye nafasi zilizo kati ya mawe. Ilesi nako wazee wa eneo hilo wana matambiko yao. Huwezi kuegesha gari, ukaanza kuning'inia juu ya vichwa vya watu wanaosali. Nikampigia shangazi wa Webuye. Alicheka sana, kisha akatutajia ndugu wa mumewe anayekaa karibu na Ilesi, akasema tusiende mikono mitupu.

Tulikwenda na jogoo. Mzee alitupokea, akatukalisha, akatueleza jiwe hilo ni la nani na halitakiwi kufanyiwa nini. Hatukupanda. Mpwa wangu alisimama chini yake kwa muda mrefu akifuata nyufa kwa kidole, kisha akakunja kamba na kuirudisha begini. Fischer's Tower tuliipanda, na mimi nilifika nusu tu, miguu ikitetemeka kama cherehani.

Sasa daftari lina safu nne, na ya nne ni ya mwenyeji wa kuuliza. Kwa maoni yangu ndiyo inayopaswa kujazwa kwanza, hata kabla ya kukagua kamba. Vijana wa Kitale na Bungoma wanaoanza mchezo huu, nawaomba: msitoboe mwamba wowote wa huku kuweka boliti za kushikia kamba kabla ya kuzungumza na wanaoishi chini yake.