Kitunguu, Ndizi na Mkondo "Unaojizaa"

Mwalimu husahau upesi maswali aliyoyajibu vyema. Lile nililolijibu vibaya ningali nalikumbuka.

Nilikuwa nikiwaeleza wanachuo habari za tokamaki, mtambo wenye umbo la mpira wa gurudumu la baiskeli, ambamo wataalamu hujaribu kuunganisha viini vya haidrojeni, kama jua lifanyavyo. Gesi iliyomo hupashwa joto hata elektroni zikaachana na atomu. Hali hiyo huitwa plasma. Katika mtambo wa ITER, unaojengwa kusini mwa Ufaransa, joto hilo linatazamiwa kufikia nyuzi 150,000,000 za Selsiasi. Hakuna chungu kiwezacho kuihifadhi plasma hiyo, hivyo hushikwa na uga wa sumaku, ambao sehemu yake hutokana na mkondo wa umeme upitao ndani ya plasma yenyewe. Nikaongeza kwamba mwaka 1971 Bickerton, Connor na Taylor wa Uingereza walionyesha kwa hesabu kuwa plasma huweza kujipatia sehemu ya mkondo huo. Nikauita "mkondo unaojizaa".

Mwanachuo mmoja alisimama. "Mwalimu, ulitufundisha kuwa nishati haiumbwi. Huu unajizaa kutoka wapi?"

Nikamjibu kuwa hilo halimo katika muhtasari wa somo. Akaketi, na kwa majuma mengi hakuuliza tena.

Kosa lilikuwa langu, tena lilikuwa katika lile neno. Nilirudi darasani na kitunguu, nikakikata. Uga wa sumaku umepangika kwa maganda yaliyovikana namna hiyo. Ganda la ndani lina kanieneo kubwa, la nje ndogo. Baadhi ya chembe hazimalizi mzunguko: hufika penye uga wenye nguvu zaidi, zikarudishwa, na njia yake, tukiutazama mtambo kama uliokatwa, ina umbo la ndizi. Mahali pamoja hukutana chembe za ndizi ya ndani na za ndizi ya nje, zikienda pande zinazopingana. Kwa kuwa za ndani ni nyingi zaidi, pande hizo hazilingani. Tofauti hiyo hupokezwa, kwa njia ya migongano, kwa elektroni zinazozunguka huru, na huo ndio mkondo. Basi haujizai hata kidogo. Huzaliwa na tofauti ya kanieneo, na tofauti hiyo hudumishwa na joto linalotiwa.

(Siwashauri mpeleke tokamaki Darasa la Tano. Kitunguu, naam.)

Yule mwanachuo akainua mkono. "Na maganda yakitoboka?"

Ndilo swali linalowasumbua watafiti wenyewe. Msukosuko wa sumaku huweza kuikata mistari ya uga na kuiunga upya, kikatokea kinachoitwa kisiwa. Humo joto hupenya upesi kutoka upande wa ndani hadi wa nje, na kanieneo ikasawazika. Tofauti ikiisha, mkondo ulioitegemea hukatika mahali hapo. Na pengo hilo la mkondo ndilo linalokikuza kisiwa kile kile. Visiwa vidogo mno hunywea vyenyewe, lakini kikivuka kadiri fulani hujilisha kwa hasara kinayoisababisha, na plasma yote huweza kuzimika ghafla. Katika mitambo ya ASDEX Upgrade ya Ujerumani na DIII-D ya Marekani, watafiti wameelekeza mawimbi mafupi ya redio kisiwani hasa, wakarudisha mkondo uliopotea, na kisiwa kikafifia.

Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Basi, Mwalimu, swali langu la kwanza lilikuwamo katika muhtasari. Joto hutoka penye joto kwenda penye baridi, na hapo katikati hufanya kazi."

Nikaufungua muhtasari mbele yao. Mada ya joto ilikuwamo, ukurasa ambao nilikuwa nimekwisha kuufundisha.