Mkono Niliokuwa Nikiukataa

Nimekulia Tanga. Baba alikuwa mvuvi wa mshipi, lakini mimi sikutaka hata kumbebea chambo. Nilijiona msomi. Nilipohamia Plymouth, kusini-magharibi mwa Uingereza, kiburi nilihama nacho. Nilifanya kazi za zamu, nikarudi chumbani, nikajifungia. Mtu akitaka kunisaidia, nilihisi amenidharau. Jamaa wakipiga simu niliwaambia niko salama, na upweke wangu hakuna aliyeujua.

Usingizi uliponipotea kabisa, nilinunua fimbo ya kuvulia, nikawa nashuka usiku Devil's Point, pale maji ya mto Tamar yanapobanwa kabla ya kuingia baharini. Nchini Uingereza hakuna leseni inayohitajika kuvua samaki wa baharini ukiwa umesimama ufukweni, kwa hiyo sikulazimika kumwuliza mtu neno. Nilikuwa nimesoma kwamba hapo ndipo alipovuliwa, mwaka 1992, samaki aitwaye mkunga wa ratili 68 na nusu, karibu kilo 31. Nikamtamani wa namna hiyo, tena nimpate peke yangu.

Bahari ikaninyima. Mchana mkunga hujificha kwenye mashimo ya miamba. Giza likiingia hutoka, akifuata harufu ya chakula. Chambo changu kilikuwa kimekaa kwenye barafu hadi kikaisha harufu. Mshipi wangu ulikuwa mwembamba, ukikatwa na meno yake au na mwamba. Karibu yangu alikuwa akivua mzee mmoja wa pale. Kila nilipofika alinisalimu, nami niliitikia kwa kichwa tu, nikasogea mbali naye.

Usiku mmoja ncha ya fimbo ilitikisika kidogo, ikatulia, kisha mshipi ukaanza kwenda taratibu. Nikavuta kwa pupa. Mkunga akarudi kinyumenyume, akajikaza ndani ya shimo lake. Nilivuta hadi mikono ikatetemeka. Yule mzee akaja bila kuitwa. Akaniambia nilegeze mshipi, nisubiri. Ulimi ulikuwa tayari kukataa, na hadi leo namshukuru Mungu kwamba haukukataa. Tulisimama kimya dakika kadhaa. Ghafla mshipi ukasogea wenyewe: mkunga ametoka. Mzee akaniambia niinue, nisimpe nafasi ya kurudi chini, naye akateremka na wavu hadi ukingoni kumpokea.

Alikuwa mkunga wa kawaida, ngozi ya kijivu, laini, isiyo na magamba. Mimi nikawaza chungu. Mzee akanieleza kwamba mkunga huyu huzaa mara moja tu maishani, mbali huko kwenye kina kirefu, kisha hufa. Tunayemvua ufukweni bado hajazaa. Akamchomoa ndoana kwa koleo, akamrudisha majini. Nikamtazama mtu niliyemnyima salamu akinigawia bure maarifa ya maisha yake. Sikustahili. Hapo ndipo moyo wangu ulipolegea.

Sikubadilika kwa siku moja; bado kiburi hunirudia. Lakini nilianza kuuliza. Nikajifunza kutumia ngisi au kibua mbichi, kufunga ndoana kwa nailoni nene, na kuning'iniza chubwi kwa uzi dhaifu, ili ikinasa mwambani ipotee yenyewe tu. Nikampigia baba simu kumwuliza habari za mshipi, tukazungumza kama ambavyo hatukuwahi kuzungumza.

Ndugu yangu uliye ughaibuni, au hata uliye kwenu lakini umejifungia, nakuomba usingoje hadi ushindwe kabisa. Ukitaka kuanza kumvua mkunga, usiende peke yako: miamba huteleza, usiku ni giza, na samaki huyu anahitaji mmoja ashike fimbo na mwingine ashike wavu. Mtafute mwenyeji, mpe salamu, kisha mwombe akufundishe.