Kawandi Huanzia Pembeni

Basi likishaacha tambarare ya Hubballi, kusini-magharibi mwa India, huingia misitu ya Uttara Kannada, na hewa hupoa. Kwanza mitiki na mianzi, kisha mabonde ya mipopoo iliyosimama kwa safu, na chini yake mashamba ya mpunga. Nyumba zimeezekwa vigae vyekundu vile vile vya Mangalore ambavyo zamani meli zilivileta mpaka Mombasa na Unguja. Halafu unashuka, na anayekuelekeza njia ana sura ya mtu wa Lindi.

Hawa ni Wasidi, kizazi cha Waafrika waliovushwa bahari kwa karne nyingi, wengi wao wakiuzwa kwa Wareno wa Goa. Waliotoroka walipanda milima hii wakajificha msituni. Leo wanaishi pande za Yellapur, Haliyal na Mundgod. Wako Wahindu, Waislamu na Wakatoliki, na wanaongea Kikonkani, Kikannada au Kiurdu. Mwaka 2003 waliingizwa katika orodha ya serikali ya makabila yanayostahili kulindwa kisheria. Wengi ni vibarua katika mashamba ya mipopoo ya watu wengine. Na wanawake wao wanashona kawandi, matandiko ya viraka.

Bibi niliyepelekwa kwake alikuwa amekaa barazani, miguu ameinyoosha, kazi imemfunika mapaja. Chini alikuwa ametandaza sari kuukuu, nzima. Huo ndio mgongo wa tandiko. Juu yake anaweka kiraka kimoja kimoja: mguu wa suruali ya shule, bega la blauzi, kipande cha shuka ya maua. Hana rula, hana chaki, hana pini. Anakunja ukingo kwa vidole, anaubana kwa dole gumba, anapiga bandi kwa uzi mweupe hadi sindano itokee upande wa sari. Mistari ya uzi inafuatana karibu karibu kama matuta ya shamba, na anayetaka kuficha mishono yake hapa hana kazi.

Nilichokuja kukiona hasa ni mwendo wake. Alianzia pembeni, akafuata ukingo, akakata kona, akazunguka pande zote nne, kisha akaanza mzunguko wa pili ndani ya ule wa kwanza. Hivyo hivyo mpaka uwazi wa katikati uzibwe. Pamba ya kujazia haimo. Unene ni viraka juu ya viraka. Akipapasa na kukuta pepesi, anaongeza. Hajui kati patakuwaje mpaka afike, na swali langu kuhusu jambo hilo lilimchekesha.

Pembe nne zina mambo yake. Humo hushonwa phula, yaani maua: vitambaa vidogo vilivyokunjwa na kupandanishwa, kidogo juu ya kikubwa. Kawandi isiyo na phula, alisema, iko uchi. Alilisema bila mzaha, kama mtu anayekukumbusha kuvaa viatu.

Mjukuu wake, ambaye ndiye aliyenitafsiria, angependa nyekundu iongezwe. Bibi alikuwa na kipande chekundu kilichobaki kwa fundi cherehani wa mjini, lakini alikiweka akiba kwa ajili ya kitandiko cha mtoto mchanga. Vitandiko hivyo ndivyo vinavyorembwa kuliko vyote. Mvua za masika ya huku, kuanzia Juni, hunyesha kwa miezi mitatu minne, na mtoto hawezi kulazwa sakafuni hivi hivi.

Sifa za kazi hii zimefika mbali. Henry Drewal, mwanahistoria wa sanaa kutoka Marekani, alishirikiana na Sarah Khan kuwasaidia wanawake kuunda ushirika wa kushona mwaka 2004, na mwaka 2011 kawandi zilitundikwa katika kituo cha Schomburg, Harlem, jijini New York. Ni heshima, na pesa zina kazi. Ila kawandi ya ukutani imepoteza nusu ya habari zake: uzito hauonekani, na harufu ya moshi haipo.

Mgeni hupenda kuitafuta Afrika ndani ya viraka. Nami nilikuwa natazama kila ukingo nikitafuta pindo la kanga. Lakini majirani zao wasio Wasidi nao hushona matandiko ya nguo kuukuu, Karnataka na Maharashtra pia. Ufundi huu ni wa nchi nzima ya huku. Rangi zinazogombana, maua ya pembeni, mistari inayokataa kunyooka, hivyo ndivyo walivyoufanya uwe wao. Sioni kwa nini hilo lisitoshe mpaka tuwapatie na cheti kutoka pwani yetu.

Bibi mwenyewe hakuniuliza lolote kuhusu Afrika isipokuwa wanawake wa kwetu wanashona nini kwa mkono. Nikamweleza kawa la kufunikia chakula: miaa inasukwa ukili, na ukili unashonwa kwa kuzungushwa, kuanzia kilele katikati, ukipanuka kwenda nje hadi ukingoni. Nilichora kwa kidole sakafuni. Alisikiliza tafsiri yote, akamtupia mjukuu wake jicho, kisha akacheka.

"Maskini," alisema. "Wanaanzia mwisho."