Majina ya Vyakula Yasiyosema Kweli

Hapa kwetu Mamboleo, kando ya barabara itokayo Kisumu kwenda Kakamega, watu wengi huamini jina la chakula kabla ya kukionja. Mtu akiambiwa kuwa hiki ni kitu fulani, hutoa fedha zake akaenda zake. Mimi pia nilikuwa mmoja wao, mpaka mjomba wangu aliponionyesha kwamba jina ni kama nguo: laweza kuvaliwa na yeyote.

Mzee huyo amepita umri wa miaka 80, na katika ujana wake alikuwa mvuvi upande wa Seme. Mwaka jana alikuja mjini kutibiwa macho, akakaa nyumbani kwangu majuma mawili. Siku ya kwanza nilimwuliza, "Mjomba, ungependa tukupikie nini?" Akanijibu, "Mpwa wangu, sina tamaa ya mambo mengi. Nipatie ngege na ugali wa mtama, basi."

Asubuhi yake nilikwenda sokoni, nikamwuliza mama mmoja kama ana ngege. Akasema, "Wote hawa ni ngege." Nikachagua wanne walionona, nikalipa bila kubishana juu ya bei, kwa kuwa walikuwa wa mzee.

Mke wangu alipokuwa akiwapara magamba uani, mzee aliomba apewe mmoja amshike. Akamsogeza karibu na uso wake, akautandaza mkia kwa vidole, kisha akasema kwa upole, "Huyu ni samaki mzuri, lakini si ngege. Tazama mistari hii iliyosimama mkiani. Huyu ni nyamami, naye ni mgeni katika ziwa letu." Chakula kilipoiva alikula, akashukuru, wala hakulalamika hata kidogo. Lakini mimi niliona haya. Yeye aliyekuja kutibiwa macho ndiye aliyeona, nami mwenye macho mazima nilikuwa nimenunua jina.

Tangu siku ile nimekuwa nikiyachunguza majina ya vyakula vyetu, na nimegundua kwamba mengi hayasemi kweli. Mahindi, kwa mfano, husikika kana kwamba ni nafaka ya Uhindini, ilhali asili yake ni Meksiko, ambako wenyeji walianza kuyalima yapata miaka 9,000 iliyopita. Viazi ulaya havikutoka Ulaya, bali katika milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Pilipili manga nayo imeitwa kwa jina la Manga, yaani Uarabuni, lakini mmea wake ni wa pwani ya Malabar katika Uhindi. Mwarabu aliileta tu katika jahazi lake. Bata mzinga si bata kabisa. Wala si sisi peke yetu tuliokosea, kwani Waingereza humwita ndege huyo kwa jina la nchi ya Uturuki, na Waturuki wenyewe humwita hindi, kumbe kwao ni Amerika!

Yako pia majina yasiyotaja asili ya kitu, bali kazi yake au hali yake. Maziwa lala hayakulala usingizi. Yamekaa mpaka yakaganda. Sukuma wiki si jina ambalo mboga ilizaliwa nalo. Ni jina la kazi inayofanya, yaani kuisukuma wiki mpaka siku ya mshahara, na kila karani anajua jinsi wiki ya mwisho ya mwezi ilivyo nzito kusukumwa.

Na mgeni akisikia watu wa Kisumu wakitaja mgongo wazi, yamkini atadhani ni mshono wa nguo za wanawake. La, hasha! Ni kichwa na mifupa ya mbuta, iliyobaki baada ya viwanda kukata minofu yake ipelekwe ng'ambo. Akina mama wa Obunga, si mbali na hapa kwetu, huikaanga katika mafuta na kuiuza, na watoto wengi wamesomeshwa kwa biashara hiyo. Jina hili laonekana kama mzaha, lakini naona ni la kweli kuliko mengine yote. Mnunuzi anaambiwa waziwazi: nyama imekwenda, mgongo umebaki. Hakuna aliyedanganywa.

Jina la ngege ni kinyume cha hilo. Ni jina lenye heshima, lakini mwenye jina ametoweka karibu kabisa katika ziwa kuu. Zamani yeye ndiye aliyekuwa fahari ya wavuvi wetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuja nyavu za kigeni, naye akaanza kupungua. Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu Michael Graham alilichunguza ziwa, akashauri kwamba matundu ya nyavu yasiwe madogo kuliko inchi 5, ili samaki wadogo wapate kukua. Baadaye, katika miaka ya 1950, waliingizwa samaki wageni, miongoni mwao nyamami na mbuta. Ngege akazidi kuwa adimu, na jina lake likamwangukia nyamami, kama shamba linavyomwangukia jirani pasipo mrithi. Siku hizi hata samaki wa kufugwa waliogandishwa kutoka China huuzwa katika masoko ya Kenya. Je, nao wakiitwa ngege, nani atasimama kukataa?

Simlaumu yule mama wa sokoni. Hakusema uongo, alisema alivyofundishwa, nami nilipokea nilivyozoea. Lakini kosa la namna hii lina hasara yake. Kitu kikipotea na jina lake likapotea pamoja nacho, watu hukikumbuka na kukililia. Kikipotea na jina likabaki sokoni, hakuna ajuaye kwamba kuna msiba.

Kabla mzee hajarudi kwao, nilisikia kwamba ngege wa asili wangali wanapatikana katika Ziwa Kanyaboli, huko Siaya. Jumamosi moja niliondoka alfajiri, nikapanda matatu na kisha pikipiki, nikarudi jioni na samaki watano. Hawakuwa wakubwa. Mzee aliwashika mmoja mmoja, akaipapasa mikia yao, akanyamaza kitambo. Mwishowe akasema, "Hawa nawajua." Akawaita watoto wangu, akawaonyesha mkia usio na mistari, akawaambia wasisahau.

Basi, ndugu msomaji, nakuomba jambo moja dogo. Ukiwa na mzee nyumbani, mchukue sokoni siku moja, umwulize majina ya samaki, ya mboga na ya mbegu, na mwanao awepo asikie. Kuuliza si ujinga, na gharama yake ni nauli tu.